Upande nini uani Dodoma? Miti, matunda na mboga kwa kipimo cha ndoo ya maji

Dodoma hupata mvua ya wastani wa milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Kuanzia Mei hadi Novemba ni jua, upepo na vumbi. Dar es Salaam hupata karibu mara mbili ya kiasi hicho, tena kwa misimu miwili, na Bukoba zaidi ya mara tatu. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia hapa, viwanja vya Iyumbu, Nzuguni, Nala na Ihumwa vimejaa nyumba za watu waliotoka kwenye mvua, na wengi wamekuja na picha ya ua wa kwao: mgomba nyuma ya jiko, mchungwa karibu na kisima, ukoka mpaka kwenye ngazi za kibaraza. Mwaka wa kwanza unaisha na fito kavu zimesimama kwenye mashimo.

Mwezi wa tatu kila mche unapendeza kitaluni, kwa hiyo huo si wakati wa kuamua. Kabla hujanunua hata mche mmoja jiulize hivi: mwezi wa kumi, tenki likiwa limebaki robo na zamu ya mgao haijafika mtaani, nitakuwa radhi kumwaga chini ndoo ngapi? Jibu lako ndilo linaloamua upande nini, na ndicho kipimo nitakachotumia hapa chini. Ndoo ninayosema ni ile ya lita 20.

Kuna mambo mengine mawili ya kujua kabla. La kwanza ni chumvi. Visima vingi vya Dodoma vina maji magumu, na vingine vina chumvi inayoonekana kwa macho: mwagia sehemu moja kwa wiki chache, kisha tazama kama udongo umefanya ukoko mweupe juu. Ukiuona, orodha yako inapungua hapohapo. La pili ni udongo wenyewe. Kichanga chekundu cha mwinuko hupitisha maji haraka na kinahitaji samadi nyingi, wakati udongo mweusi wa mbugani hushika maji mpaka mizizi inakosa hewa wakati wa mvua, kisha unapasuka nyufa za kuingiza mkono kiangazi. Ninayoyasema hapa ni hasa ya kichanga chekundu, kwa sababu ndicho kilichopo kwenye viwanja vingi.

## Kivuli: mwarobaini, mjohoro, mkrismasi au ashoki

Anza na kivuli. Mti wa kivuli ukishashika, kila kitu kingine kinakuwa rahisi: ukuta haupati moto, udongo haukauki haraka, na hata mchicha chini ya kivuli chepesi unadumu zaidi. Jua linalotesa Dodoma ni la saa nane mpaka saa kumi na moja, kwa hiyo mti wa kwanza uwe upande wa magharibi wa nyumba.

Mwarobaini asili yake ni Bara Hindi, lakini umeizoea nchi hii kiasi kwamba wengi hudhani ni wa hapahapa. Hustahimili mvua ya chini ya milimita 400 kwa mwaka, mizizi yake huenda chini sana, na unabaki na majani wakati miti mingi imevua. Kwenye uwanda wa Arafa, Saudi Arabia, ilipandwa takriban miarobaini 50,000 ili mahujaji wapate kivuli, na kule joto ni kali kuliko la kwetu. Usichoweza ni kusimama majini, kwa hiyo mbugani usiupande.

Mjohoro unakua haraka kuliko mwarobaini. Ukiukata unachipua tena, na hutoa kuni na nguzo nzuri. Maua yake ya njano yanavutia. Lakini majani yake huanguka kwa wingi na chini yake mboga hazipati nafasi, kwa kuwa mizizi yake inasambaa na kunyonya unyevu wa juu ambao bustani ingeutumia. Majani yake ni sumu kwa nguruwe, jambo ambalo mfugaji wa uani anapaswa kulijua mapema. Mjohoro ningeuweka mwishoni mwa shamba la kuni. Kwenye kiwanja cha mita 20 kwa 30, hapana.

Mkrismasi ndio mgumu kuukataa. Unapochanua mwezi wa kumi na mbili, mtaa mzima unawaka wekundu, na hakuna mti mwingine wa mjini unaofanya hivyo. Tatizo ni kwamba unavua majani kiangazi, yaani mwezi wa nane na wa tisa, pale unapokihitaji kivuli chake, unakuta maganda marefu meusi yananing'inia kwenye matawi matupu. Mizizi yake hukaa juujuu na kunyanyua sakafu ya ua, na matawi yake yanavunjika kwa upepo. Kama una nafasi ya mita kumi kutoka kwenye jengo lolote, upande kwa ajili ya macho, ukijua kwamba kivuli utakitafuta kwingine.

Ashoki, ile mirefu iliyosimama wima kando ya kuta za ofisi, haina kivuli cha kukaa mtu, na kiangazi inataka maji. Sioni sababu ya kuipanda nyumbani hapa.

Kwangu mwarobaini ndio mti wa kwanza, na wa pili pia ungeweza kuwa mwarobaini. Uupande mita sita au zaidi kutoka kwenye msingi, na mbali zaidi na karo, kwa maana mizizi yake hufuata unyevu popote ulipo. Ndege na popo hula matunda yake na kuangusha mbegu kila mahali, kwa hiyo miche inayojiotea ing'oe ikiwa bado midogo. Mwenye kiwanja kikubwa, ekari moja na kuendelea, afikirie pia ile aina ya mgunga ambayo kitaalamu huitwa Faidherbia albida: unavua majani wakati wa mvua na kuyavaa kiangazi, kinyume cha miti mingine. Una miiba na unakuwa mkubwa sana, kwa hiyo ni mti wa shambani.

Neno moja kuhusu miti inayosifiwa kwa "kuota haraka na kuvumilia ukame". Sifa hizo mbili peke yake zinaweza kuleta balaa. Kule Baringo, Kenya, mti wa mathenge uliletwa miaka ya 1980 kwa sifa hizohizo. Ukavamia malisho na kingo za ziwa, maganda yake yakaharibu meno ya mbuzi, mpaka wananchi wakaishitaki serikali mahakamani. Mtu akikuletea mche wa mathenge kwa ajili ya uzio, mrudishie.

## Matunda: mahali ambapo ndoo zinahesabiwa kweli

Kwenye matunda tofauti ya maji kati ya mmea na mmea ni kubwa mno, kwa hiyo nimeziweka namba pamoja. Ni makadirio yangu kwa kichanga chekundu chenye samadi na matandazo, ndoo kwa wiki, mwezi wa kumi. Mche "wa kubebesha" ni ule ambao kikonyo cha aina nzuri kimeunganishwa kwenye shina la mwingine.

| Mmea | Kiangazi cha kwanza | Ukishakomaa | Maji ya chumvi | Tunda la kwanza |
|---|---|---|---|---|
| Mwembe wa kubebesha | 2 | 0, au chache matunda yakijaa | unaumia | miaka 3 hadi 4 |
| Mkomamanga | 1 | 1 hadi 2 | unastahimili | miaka 2 hadi 3 |
| Mzabibu | 1 hadi 2 | 2 | wastani | mwaka 1 na nusu hadi 2 |
| Mkunazi wa kubebesha | 1 | 0 | unastahimili | miaka 2 hadi 3 |
| Mpapai | 3 | 4 hadi 5 | wastani, chini kidogo | miezi 9 hadi 12 |
| Mlimao | 2 | 4 au zaidi | unaumia haraka | miaka 2 hadi 3 |

Mwembe na mpapai ndiyo miwili ambayo watu huishindanisha zaidi. Mpapai unavutia kwa kuwa haukucheleweshi: ukipanda mbegu Desemba, Krismasi inayofuata unaweza kuwa unakula. Lakini mizizi yake ni mifupi na laini, upepo wa mwezi wa nane unauyumbisha, na ukikosa maji kwa wiki mbili unaangusha maua na kubaki na shingo ndefu isiyo na kitu. Ni mti wa nyumba yenye watu wengi wanaooga. Elekeza maji ya bafuni kwenye shina lake, umejipatia mapapai bila kugusa tenki. Maji ya sabuni ya kawaida hayadhuru mti wa matunda kama unayabadilishia njia mara kwa mara. Usiyapeleke tu kwenye mboga za majani.

Mwembe ni kinyume chake. Mwanzo wake ni mgumu: viangazi viwili lazima uumwagilie, bila kukosa. Baada ya hapo mzizi mkuu umeshafika mahali ambapo wewe hufiki. Zaidi ya hayo, mwembe unahitaji kipindi cha ukavu na ubaridi ili uchanue, na Dodoma ya mwezi wa sita na wa saba ndicho kipindi chenyewe. Ndiyo maana mwembe mkubwa usiumwagilie kati ya Mei na Julai. Ukiumwagilia miezi hiyo utapata majani mapya badala ya maua. Rudisha maji pale vijitunda vinapofikia ukubwa wa karanga. Kwa aina, dodo na bolibo zinajulikana na zinapendwa. Tommy na Kent zina soko, lakini kwa kula nyumbani mimi bado nachagua dodo. Adui mkubwa ni nzi wa matunda, yule aliyegunduliwa Kenya na Tanzania mwaka 2003 na kuenea haraka. Dawa yake ya kwanza haina gharama: kila embe lililoanguka liokote siku hiyohiyo, ulifunge kwenye mfuko mweusi wa nailoni na kuuacha juani. Kama kisima chako kina chumvi, mwembe uutegee maji ya mvua au ya bomba.

Mkomamanga haupandwi vya kutosha hapa, na sijui kwa nini. Ni mdogo, hauvuki mita nne ukiupogoa. Unastahimili chumvi, joto la mchana na baridi ya usiku wa mwezi wa saba, na hukubali kuoteshwa kwa vipande vya matawi ambavyo jirani anaweza kukupa bure. Waarabu wa Jabal Akhdar, Oman, wameulima kwenye milima mikavu kwa vizazi na vizazi. Una sharti moja tu: maji yake yawe ya mpangilio. Ukiuacha ukauke wiki tatu kisha ukaumwagia ndoo tano kwa siku moja, makomamanga yote yatapasuka mtini.

Mlimao ningeuacha kwa mwenye maji matamu ya uhakika. Wengine wataona ncha za majani zikiungua rangi ya kahawia kuanzia mwezi wa tisa, na hiyo ni chumvi, wala mbolea haiiponyi. Mkunazi nao hauhitaji maneno mengi. Miiba yake inauma, kunazi zake watoto wanazijua, na huwezi kuuua kwa ukame.

Mzabibu unastahili nafasi yake peke yake, kwa sababu hakuna mji mwingine Tanzania ambako mtu anaweza kuwa na zabibu uani kwa urahisi namna hii. Kituo cha utafiti cha TARI Makutupora, kaskazini ya mji, kazi yake kuu ni zabibu, na ndiko mahali salama pa kuulizia pingili za kupanda na aina inayokufaa, ya mezani au ya mvinyo. Aina ya Makutupora Red imechukua jina lake hukohuko.

Kinachofanya mzabibu wa Dodoma uwe tofauti na wa Ulaya ni kwamba hapa hakuna baridi ya kuulaza. Anayeulaza na kuuamsha ni wewe, kwa mkasi. Zabibu huiva takriban miezi minne hadi mitano baada ya kupogoa, kwa hiyo unaweza kuvuna mara mbili kwa mwaka. Kazi yenyewe iko hivi: unachukua tawi la mwaka jana, lenye rangi ya kahawia na unene wa penseli, unahesabu macho mawili, yaani vifundo vya kuchipulia, kutoka pale lilipotokea, unakata juu kidogo ya jicho la pili kwa mshazari. Baada ya muda mfupi jeraha linaanza kutoa maji masafi kama machozi, tone baada ya tone. Usishtuke, wala usilipake kitu. Siku chache baadaye jicho linavimba, linatoa manyoya meupe yenye wekundu kidogo, na kwenye chipukizi jipya utaona vichala vidogo kabla hata majani hayajakunjuka vizuri. Usipopogoa, mzabibu utatambaa juu ya kichanja na kukupa majani mengi na zabibu za kuhesabu kwa vidole.

Sasa, uvune lini? Mavuno ya wakati wa mvua, mwanzoni mwa mwaka, hayakugharimu maji, lakini unyevu unaleta magonjwa ya majani na matunda, ubwiri unga na ubwiri vinyoya, na bila dawa ya kuvu unaweza kupoteza zaidi ya nusu. Mavuno ya kiangazi, mwezi wa nane na wa tisa, ni masafi na matamu zaidi, ila kila shina linakunywa ndoo zake mbili kwa wiki. Kwa mashina matatu au manne ya nyumbani mimi ningechagua kiangazi: ndoo nane kwa wiki kwa zabibu ambazo watoto wanakula bila kuoshewa dawa ni bei ninayoikubali. Na kichanja kikiwa juu ya mlango wa nyuma, kivuli unakipata bila gharama ya ziada.

## Mboga: kumwagilia mwezi wa kumi au kukausha mwezi wa pili

Kitanda cha mchicha cha mita mbili kwa moja kinataka nusu ndoo kila siku, na wiki ya nne unakata. Hesabu hiyo si mbaya kwa familia. Chainizi na sukuma wiki zinataka zaidi na hazilipendi joto, kwa hiyo zipande mwezi wa tano ili ule mpaka wa nane. Ukizipanda mwezi wa tisa utawalisha vidukari tu. Bamia na kunde zinalipenda jua hili, hivyo anayetaka kitu kibichi mwishoni mwa mwaka aanze na hizo. Matembele ni mazuri kando ya bomba linalovuja au pale unapooshea vyombo, kwingine yananyauka.

Lakini kuna njia mbili ambazo naziamini zaidi ya kitanda.

Ya kwanza ni mboga za mti. Mlonge na kisamvu mpira, ile mihogo mikubwa isiyotoa mizizi ya kula, vina mizizi ya kujitegemea na vinatoa majani hata Novemba. Mlonge ukiuacha unakimbilia juu mita sita na majani huyafikii, kwa hiyo ukate kifuani ukiwa na mwaka mmoja, na urudie kila unapozidi kichwa. Matawi yake ni mepesi na huvunjika ovyo, na mbuzi wanaupenda kuliko wewe, basi uzungushie miiba. Kati ya hiyo miwili, mlonge unaiva jikoni kwa dakika chache, wakati kisamvu lazima kitwangwe na kuchemshwa sana, maana majani ya jamii ya mihogo yana sumu ya sianidi inayotoka kwa kutwanga na moto. Kwa ladha, kisamvu cha karanga hakina mpinzani. Kwa wepesi wa siku ya kazi, mlonge.

Ya pili ni ya wenyeji wa hapa. Wagogo wamekula ugali wa mtama na uwele kwa mlenda mwaka mzima bila bomba wala tenki, kwa sababu mlenda wa kiangazi walishauchuma wakati wa mvua, wakaukausha na kuuhifadhi. Mwezi wa pili majani ya kunde, ya maboga na mlenda yanaota mpaka kwenye njia za watu. Ukiyachuma wakati huo, ukayaanika kivulini penye upepo mpaka yakavunjika mkononi, ukayaweka kwenye chombo kikavu chenye kifuniko, umekata mahitaji ya maji ya mwezi wa kumi kwa sehemu kubwa. Ningependa sana wageni wa mji huu wajifunze hili kwa mama wa Kigogo aliye jirani kabla ya kununua bomba la kumwagilia. Ukienda kumwuliza, nenda na shikamoo na kilo ya sukari. Atakuonyesha na majani ambayo huyajui jina.

## Ukoka, na uzio

Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Ukoka kwenye jua la Dodoma kiangazi unataka takriban milimita tano kwa siku ili ubaki kijani. Kiwanja cha ukoka cha mita kumi kwa kumi kwa hiyo kinakunywa lita 500 kila siku, yaani ndoo 25, au uniti 15 za maji kwa mwezi. Maji hayo yangetosha miembe kumi na miwili michanga, mikomamanga sita, mashina manne ya mzabibu na vitanda kumi na vitano vya mchicha kwa wakati mmoja, na mengine yakabaki. Siwezi kuutetea ukoka wa ukubwa huo kwenye mji ambao kuna akina mama wanaopanga ndoo foleni. Kama watoto wanahitaji pa kubingirika, mita nne kwa tano chini ya mwarobaini zinatosha. Sehemu iliyobaki weka changarawe, au iache udongo na uufagie.

Uzio una ushindani wa kweli kati ya minyaa na bogenvilia. Minyaa inaota kwa kuchomeka kipande ardhini, haihitaji hata tone la maji baada ya hapo, na vijiji vingi vya Ugogo vimezungushiwa nayo. Utomvu wake mweupe lakini ni hatari: ukiingia machoni unaunguza vibaya. Penye watoto wadogo chagua bogenvilia, ambayo ina miiba ya kuzuia mbuzi na wezi, na huchanua zaidi ikinyimwa maji kidogo. Wanaoimwagilia kila siku hupata majani, kisha wanauliza maua yako wapi.

## Namna ya kufanya ndoo moja ifanye kazi ya mbili

Mche uwe ndani ya kisahani, yaani shimo lenye kingo, chini kidogo ya usawa wa ua. Kilima kuzunguka shina ni mtindo wa nchi ya mvua, kwa hapa kinafukuza maji. Juu weka matandazo ya nyasi kavu au pumba, unene wa vidole vinne, bila kugusa shina. Mchwa watakuja, hilo ni hakika. Nyunyiza majivu kuzunguka shina na uyafunue matandazo kila wiki, wakivamia sana yaondoe na uweke mawe badala yake, ambayo nayo huzuia udongo kukauka.

Kwa mboga na miche midogo hakuna kinachoushinda mtungi wa udongo. Chukua mtungi wa kawaida wa kufinyanga, usiopakwa rangi, wa lita tano hadi kumi. Ufukie mpaka shingoni, ujaze maji, ufunike kwa kigae ili mbu wasitage. Panda nyanya, bamia au pilipili kuuzunguka, shubiri moja kutoka ukingoni. Maji hupenya kwenye ngozi ya mtungi kadiri udongo unavyoyavuta: udongo ukilowa yanapungua, ukikauka yanaongezeka, na hakuna yanayopotea juani. Wachina waliiandika njia hii zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Msimu ukiisha chimbua uone: mizizi imeukumbatia mtungi pande zote, myembamba na myeupe, na mtungi wenyewe bado una ubaridi.

Halafu kuna paa. Paa la mita za mraba 100 kwa mvua ya milimita 570 linapokea lita 57,000 kwa mwaka. Toa yanayomwagika na kuvukia, bado una zaidi ya lita 40,000 za maji matamu yasiyo na chumvi. Tenki la kuyahifadhi yote ni ghali, lakini hata lita 5,000 ukizitunza kwa ajili ya mwembe na mlimao zitakuvusha. Yanayozidi yaelekeze kwenye visahani vya miti kwa mfereji mdogo.

## Kwa nyumba ipi, nini

Mpangaji asiyejua kama mwakani atakuwepo asihangaike na mwembe. Mitungi miwili ya bamia na nyanya, mlonge mmoja ulioanzia kwenye mbegu, kitanda cha mchicha mwezi wa tano. Mwenye nyumba yake lakini maji ni ya mgao, au kisima cha chumvi: mwarobaini magharibi, mikomamanga miwili, mkunazi, kisamvu mpira, bogenvilia ukutani, na mpapai mmoja tu kwenye maji ya bafu. Mwenye maji matamu ya kutosha aongeze miembe miwili ya kubebesha na kichanja cha zabibu, na kama bado roho yake iko kwenye mlimao, autie karibu na jiko ambako maji ya kuoshea mboga yatamwagwa kila siku.

Mashimo yachimbwe mwezi wa kumi, sentimita 60 kila upande, yachanganywe madebe mawili ya samadi iliyooza, yakae yakingoja. Panda mvua mbili nzuri zikishanyesha, kwa kawaida Desemba, ili mche upate miezi minne ya kusukuma mizizi kabla ya ukavu. Anayepanda mwezi wa tatu ameupa mwezi mmoja. Kitaluni usichague mche mrefu kuliko yote. Inua kiriba uangalie chini: kama mizizi imetoka na kujizungusha, mche huo umekaa sana, na hata ukiupanda mizizi itaendelea kuzunguka palepale badala ya kwenda chini kutafuta unyevu. Chukua ule wa urefu wa goti, shina gumu, majani yaliyokomaa. Mbegu za mwarobaini ukizitaka, ziokote mbichi chini ya mti na uzipande ndani ya wiki mbili, kwa sababu zikikaa zaidi ya hapo nyingi hazioti tena.